Kushika Moto: Desturi ya Wazee na Jiko la Leo

Mbele ya mji kuzaliwa, wazee wetu wa Tshopo, Wagenia, Walokele, Wambole, Wakumu na wengine, walipika kwa kuni kavu juu ya mafiga matatu. Lakini hawakupoteza moto. Samaki ilifungwa katika majani ya mangongo, ikaiva kwa mvuke wake yenyewe pembeni ya makaa. Chungu cha udongo kilishika joto hata moto ukizimika. Ndiyo desturi tunayoita kushika moto.

Mji ulipokua, makala ikatawala. Kuni ni nzito kubeba toka mbali, na moshi wake unasumbua katika lupango. Umeme tuliupata: kituo cha mto Tshopo kilianza kazi mwaka 1955. Lakini mashini zikazeeka, umeme ukakatika mara kwa mara, na hata mwenye resho akaweka mbabula karibu. Basi pori ndilo linalolipa. Katika tanuru ya udongo, kilo 100 za miti mikavu mara nyingi zinatoa kilo 10 mpaka 20 tu za makala. Na mama wa Kapalata analipa tena sokoni, kila siku.

Tufanye nini? Njia za bei ndogo ziko. Unga wa mbao: chukua kopo kubwa, toboa tundu chini pembeni, simamisha chupa katikati, shindilia unga mkavu, toa chupa, washa toka chini. Moto unakaa masaa mengi. Tupikie inje sababu ya moshi. Kule Kenya, toka miaka ya 1980, mafundi wanatia udongo wa kuchoma ndani ya jiko la bati, na makala inapungua sana. Tena kuna kapu lenye nyasi kavu ao nguo kuukuu: maharagi yakichemka vizuri, funika sufuria, izike ndani, inaendelea kuiva bila moto. Mbele ya kula, ichemshe tena.

Wengine wanasema haya ni mambo ya wageni. Hapana. Udongo ni ule wa chungu cha nyanya, na kapu linafanya kazi ya majani ya mangongo. Tulichosahau si ufundi, ni desturi. Wamama wazee wangali nasi. Tuwatume vijana kwao wakajifunze, pori lingali karibu.