Mgonjwa wa Akili Anayetumia Dawa za Kulevya: Je, Kumwambia Daktari ni Kusengenya?



Ndugu zetu wa Unguja na Pemba, wapo wazee wanaompeleka kijana wao Hospitali ya Kidongo Chekundu wakasema amechanganyikiwa au ana jini, lakini habari ya bangi na unga wakaificha kwa kuona haya. Daktari hutibu nusu, na baada ya muda mgonjwa hurudi vilevile.

Mara nyingi mgonjwa wa aina hii ni kijana wa kiume, aliyeacha skuli, hana kazi, kutwa yupo maskani. Wengine wazazi wao wameachana, wakalelewa huku na huku. Lakini watoto wa nyumba zenye uwezo na dini nao wamo, basi asijidanganye mtu.

Wengi huanza na sigara na bangi, kisha unga. Wengine huchanganya unga ndani ya msokoto wa bangi. Bangi, hasa ikianzwa utotoni, huzidisha hatari ya mtu kusikia sauti zisizokuwepo na kudhani anaandamwa. Unga ukikosekana huja arosto: maumivu ya mwili, kuharisha, kukosa usingizi na hasira. Nyumbani hudhaniwa wazimu umepanda. Na yupo aliyeanza kuumwa akili, ndipo akakimbilia ulevi kutuliza nafsi yake.

Ama kumweleza daktari, hiyo si ghiba ya haramu. Imamu an-Nawawi katika Riyadhu-Swalihin ametaja hali 6 zinazoruhusu kutaja aibu ya mtu kwa haja ya kisheria, na mojawapo ni kutaka msaada wa kuondoa munkari. Mwelezeni daktari anatumia nini, tangu lini, mara ya mwisho lini, na kama ameacha vidonge vya hospitali. Majirani hawana haja ya kujua.

Ruqya ya Qur'ani isomwe, na dawa zisiachwe. Mtume ametuamrisha kujitibu. Kwa waraibu wa unga ipo methadoni, nayo itumike kwa usimamizi wa daktari tu. Soba hausi humsaidia anayeacha, lakini haichukui nafasi ya daktari wa akili.

Msimfunge minyororo wala msimfukuze. Huyo ni amana yenu.

Wallahu a'lam.