Fuvu Bila Taya: Sagalla, Hallstatt, Cambridge

Katika milima ya Taita, Kenya, ukiwemo Sagalla unaoitazama Voi, mzee aliyezikwa alifukuliwa baada ya muda, na fuvu lake likapelekwa pangoni, likapangwa pamoja na ya waliotangulia. Hallstatt, Austria, nako mafuvu yalitolewa makaburini, ila sababu ilikuwa ufinyu wa uwanja. Huko yalichorwa maua na kuandikwa majina. Yaliyorembwa hivyo yanazidi 600. Kwa Wataita, ukoo wenyewe ndio uliokuwa daftari.

Mafuvu ya Wataita yaliyofika Cambridge yalipoteza majina, yakapata tarakimu. Mtafiti Kitson aliyachambua katika jarida la Biometrika mwaka 1931. William Howells wa Harvard naye alipima 83, na katika kitabu chake cha 1973 yakakaa kando ya mafuvu ya Wanorwe na Wazulu. Alipima toka ukingo wa mbele wa tundu la uti wa mgongo hadi shina la pua, kisha toka ukingo huohuo hadi ufizi wa juu. Ukilinganisha vipimo hivyo viwili, utajua taya ya juu imechomoza kiasi gani. Taya ya chini haimo: hushikwa na misuli na kano tu, nyama ikioza inaachana na fuvu.

Madaktari wa kupanga meno walianzia kwa walio hai. Mwaka huohuo wa 1931, Broadbent wa Cleveland alieleza namna ya kukibana kichwa na kukipiga eksirei kwa ubavu, taya zote mbili zikionekana. Hapo kitako cha fuvu kina uzito wake. Taya ya juu imeungana na sehemu yake ya mbele; ya chini imening'inia kwa nyuma, karibu na sikio. Pembe kati ya sehemu ya mbele na ya nyuma ya kitako ikipanuka, kiungo cha taya ya chini hurudi nyuma na kidevu nacho. Ikibana, kidevu husogea mbele. Lakini tafiti hazikubaliani, maana urefu wa taya yenyewe unaweza kuifuta athari hiyo.

Tena, pembe ya kawaida ni ya nani? Mwaka 1989 mtafiti Kapila alichapisha vipimo vya watoto wa Kikuyu, kwa kuwa midomo na meno yaliyochomoza, ambayo jedwali la Wazungu lingeyaita kasoro, kwa Waafrika wengi ni umbo la kawaida. Wala Mkikuyu si Mtaita. Mafuvu 83 yanaweza kutueleza kitako cha Wataita. Jinsi walivyoumanisha meno, hapana.