Smita Patil: muigizaji wa India aliyebeba maisha ya mama wa kawaida

Wengi wetu tukisikia « filamu ya Kihindi » tunawaza nyimbo, ngumi na mapenzi ya binti maskini na mtoto wa tajiri. Lakini kule India kuna filamu za aina ingine, zenye kuonyesha kijiji, deni, njaa na mwanamke mwenye kukataa kuonewa. Katika hizo filamu, jina la Smita Patil liko kati ya yale ya kwanza. Alifanya kazi ya sinema miaka kumi na kidogo tu, akacheza katika filamu zaidi ya 80, na akafariki akiwa na miaka 31, juu ya matatizo ya uzazi.

Kutoka habari mpaka sinema

Smita Patil alizaliwa tarehe 17 mwezi wa kumi 1955, katika mji wa Pune, jimbo la Maharashtra. Jina Smita maana yake ni tabasamu. Baba yake, Shivajirao Patil, alikuwa mwanasiasa na akafika kuwa waziri wa jimbo. Mama yake alikuwa anafanya kazi ya kusaidia jamii.

Kazi ya kwanza watu walimjua nayo haikuwa sinema. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa anasoma habari katika lugha ya Kimarathi kwenye televisheni ya serikali, Doordarshan, mjini Bombay, ule mji wenye kuitwa leo Mumbai. Inasimuliwa kwamba alikuwa anafika kazini na suruali ya jinzi, kisha anafunga sari juu yake dakika chache mbele ya kuingia hewani. Ni kwenye hiyo televisheni muongozaji wa filamu Shyam Benegal alimuona, akamuita. Mwaka wa 1975 alionekana katika filamu mbili za Benegal, Charandas Chor na Nishant.

Filamu iliyolipwa na wafugaji

Mwaka wa 1976 ilitoka Manthan. Inaeleza namna wafugaji wa jimbo la Gujarat walijiunga katika koperative ili wauze maziwa yao wenyewe, pasipo kunyonywa na mfanyabiashara. Smita alicheza Bindu, mama maskini wa kijiji, mwenye kulea mtoto peke yake wakati bwana yake hayupo.

Feza ya kutengeneza hii filamu ilitoka kwa wafugaji wenyewe. Wanamemba 500 000 wa koperative za Gujarat walitoa kila mmoja rupia 2. Filamu ilipotoka, walikuja kwa malori mpaka mjini kuitazama, juu ilikuwa filamu yao.

Hapo watu wakaona uwezo wa Smita. Hakujipodoa sana, na hakuwa anaigiza mwanakijiji sawa mtu wa mjini anayemcheka. Namna ya kukaa, ya kubeba ndoo, ya kukasirika bila kusema kitu, yote ilikuwa ya mtu wa pale.

Zawadi na kazi ngumu

Mwaka wa 1977, katika filamu Bhumika, alicheza maisha ya muigizaji mwenye kutumiwa na wanaume wote waliomzunguka, tangu utoto. Hadithi hiyo ilitokana na maisha ya kweli ya Hansa Wadkar, muigizaji wa zamani. Smita akapata zawadi ya taifa ya muigizaji bora wa kike. Akaipata mara ya pili kwa Chakra, ambamo alicheza mama wa mtaa wa mabanda wa Bombay. Mwaka wa 1985 serikali ya India ikampa heshima ya Padma Shri.

Alicheza pia katika sinema ya kibiashara. Mwaka wa 1982 alikuwa pamoja na Amitabh Bachchan katika Namak Halaal, filamu iliyopendwa sana na watu wengi. Inasimuliwa kwamba kisha kucheza wimbo mmoja wa mvuani katika hiyo filamu, alilia, juu hakujitambua ndani yake. Mwaka huohuo alitoka katika Umbartha, filamu ya Kimarathi ya mwanamke anayeacha nyumba yake ili akaongoze kituo cha wanawake walioteswa. Nje ya sinema pia, alikuwa mwanamemba wa kituo cha wanawake cha Mumbai.

Mlango uliofungwa

Filamu yake yenye kukumbukwa zaidi labda ni Mirch Masala ya Ketan Mehta. Ni wakati wa ukoloni wa Waingereza. Mkubwa wa kodi anafika kijijini pamoja na askari, anamtamani Sonbai, bibi ya mtu. Sonbai anampiga kofi, kisha anakimbilia katika kiwanda cha kusaga pilipili. Mulinzi mzee, Abu Mian, anafunga mlango na anakataa kuufungua.

Filamu inauma zaidi kwa sababu ya wanakijiji. Chifu na wazee wanaona heri mwanamke mmoja atolewe ili kijiji kipate amani. Hata ndani ya kiwanda, kuna wenzake wenye kumwambia atoke. Mwishoni mulinzi anauawa, mlango unavunjwa, na hao wanawake ndio wanaomwagia mkubwa pilipili machoni. Smita hakuona hii filamu ikitoka, mwaka wa 1987.

Kifo

Tarehe 28 mwezi wa kumi na moja 1986 alizaa mtoto mwanaume, Prateik, na bwana yake Raj Babbar, muigizaji pia. Wiki mbili tu baadaye, tarehe 13 mwezi wa kumi na mbili, alifariki. Alikuwa na jina kubwa, na aliishi katika mji mkubwa wenye hospitali na madaktari. Hiyo yote haikumuokoa.

Watu wengi wanafikiri kwamba mama akisha kuzaa salama, hatari imekwisha. Shirika la Afya Duniani linahesabu kifo cha uzazi mpaka siku 42 kisha mimba kumalizika. Homa ao damu nyingi katika hizo wiki si jambo la kungojea nyumbani.

Prateik alilelewa na wazazi wa mama yake, akawa muigizaji, na leo anabeba pia jina la Patil. Mwaka wa 2024, Manthan iliyosafishwa upya ilionyeshwa Cannes, Ufaransa, miaka 48 kisha wafugaji kutoa rupia zao. Mwenye hajamuona Smita Patil anaweza kuanza na hiyo, kisha Mirch Masala.