Rovu: Safari ndefu ya tiba, kutoka majivu ya mwani hadi chumvi ya jikoni

WAZEE wa Kisii na Nyamira wangali wanaukumbuka wakati ambapo uvimbe wa shingo, yaani rovu, haukumshangaza mtu kijijini. Kuna walioudhania kuwa laana, na kuna waliouona kuwa urithi wa ukoo. Kumbe chanzo kikuu kilikuwa udongo.

Mji wa Kisii uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mvua hunyesha karibu mwaka mzima. Mvua hiyo hiyo inayoneemesha chai, ndizi na wimbi ndiyo iliyoosha ayodini, ambayo wengi huiita madini ya joto, kutoka ardhini kwa karne nyingi. Hata samaki wa Ziwa Victoria, kwa kuwa ni wa maji baridi, hawana ayodini nyingi kama wale wa baharini.

Tezi ya thairoidi, iliyo mbele ya koo, huihitaji ayodini ili kutengeneza homoni zinazoongoza joto la mwili, mapigo ya moyo na ukuaji wa ubongo. Inapoikosa, tezi hutanuka ikijaribu kunasa kila chembe inayopita.

Tiba ya kale

Tiba ilitangulia maelezo. Wachina wa kale waliwalisha wagonjwa mwani, nao Wazungu wakawapa majivu ya sifongo ya baharini. Mwaka wa 1811, Mfaransa Bernard Courtois aliigundua ayodini katika majivu ya mwani. Mnamo 1820, daktari Jean-François Coindet wa Geneva akaanza kuitumia kutibu rovu. Hata hivyo, wengine walipewa kupita kiasi, wakadhurika, na dawa ikapoteza sifa kwa muda.

Wengine walitegemea kisu. Theodor Kocher wa Bern, Uswisi, aliyetuzwa Nobel mwaka wa 1909, aliboresha upasuaji wa rovu. Lakini ni yeye pia aliyeeleza, mwaka wa 1883, kwamba waliong'olewa tezi yote walidhoofika mwili na akili. Hapo ndipo ilipobainika kuwa tezi hiyo si nyama ya ziada.

Kutoka kondoo hadi maabara

Mwaka wa 1891, George Murray wa Newcastle, Uingereza, alimdunga mwanamke mmoja maji yaliyotokana na tezi ya kondoo. Mgonjwa huyo, aliyekuwa amevimba na kuzubaa, alipata nafuu na kuishi kwa takriban miaka 28 zaidi. Muda si muda, dawa hiyo ikawa ya kumezwa.

Mnamo Desemba 1914, Edward Kendall wa Marekani aliitenga homoni ya tairoksini. Mwaka wa 1927, Charles Harington na George Barger wakaiunda katika maabara. Tembe za levothairoksini zinazotumiwa leo ni matunda ya kazi hiyo. Kwa wale ambao tezi yao hufanya kazi kupita kiasi, miaka ya 1940 ilileta ayodini yenye mnururisho pamoja na dawa za kuituliza tezi.

Chumvi yafika mlimani

Uswisi ilianza kutia ayodini katika chumvi mwaka wa 1922. Nchini Kenya, uchunguzi wa miaka ya 1960 ulionyesha kuwa rovu ilikuwa tatizo kubwa, hasa katika nyanda za juu. Sheria ikawalazimu watengenezaji wa chumvi kuongeza ayodini kuanzia 1978, na kiwango kikarekebishwa 1988. Utafiti wa kitaifa wa 1994 ulipata rovu kwa asilimia 16 ya waliopimwa. Kufikia 2004, kiwango kilikuwa kimeshuka hadi asilimia 6.

Hata hivyo, ushindi huo hulindwa jikoni. Chumvi iachwayo wazi kando ya moto hupoteza ayodini. Ni heri kuiweka katika chombo kilichofunikwa, na kuitia mchuzi unapokaribia kuiva. Chumvi ya mifugo isiyo na ayodini haifai kuliwa na watu.

Aidha, chumvi haiyeyushi rovu kuukuu iliyokwisha kuwa ngumu, wala si busara kunywa ayodini ya vidonda kwa kutarajia miujiza. Mwenye uvimbe anapaswa kupimwa damu hospitalini. Anayeandikiwa levothairoksini huimeza kila siku kwa maji matupu, kabla ya chai, kahawa au uji. Kwa wengi ni dawa ya maisha. Kuiacha kwa sababu umepata nafuu ni kurudi ulikotoka.

Tahadhari kuu ni kwa mama mjamzito. Aliyekuwa akimeza tembe hizo asiache, bali amwone daktari mapema ili kipimo kirekebishwe. Na kila mja mzito ahakikishe chumvi yake ina ayodini. Mtoto aliyeikosa sana tumboni huweza kuzaliwa na akili iliyodumaa, na hakuna tembe iliyogunduliwa hadi leo inayoweza kumrudishia yote aliyopoteza. Kinga yake ni chumvi ya shilingi chache tu.