Kuingia Jumuiya ni Rahisi, Bili Ndiyo Noma

Wasee wa Kitui na Makueni, ukitaja Jumuiya ya Afrika Mashariki wengi wenu mnawaza marais na suti zao kule Arusha. Lakini hii stori iko hapa kwetu. Simama Emali ama Mtito Andei dakika kumi tu, uangalie namba za malori: Uganda, Rwanda, Sudan Kusini, Kongo. Jumuiya inapita hapo Mombasa Road mchana na usiku.

Jumuiya hiyo leo ina nchi nane. Rwanda na Burundi ziliingia Julai 2007, Sudan Kusini 2016, Kongo 2022, na Somalia ikakamilisha Machi 2024. Kila mara ni bendera, picha na makofi. Halafu inakuja ile sehemu hakuna mtu hupost: nani analipa, na sheria ya nani inafuatwa?

Hayo maswali mawili yashawahi kuua jumuiya moja. Turudi 1967. Kenya, Uganda na Tanzania ziliungana, na reli inayopita Makindu na Kibwezi ilikuwa ya nchi zote tatu. Posta, bandari na ndege pia. Shida ni kwamba viwanda vingi vilikuwa Kenya, na wenzetu wakaona sisi ndio tunakula. Walijaribu kusawazisha. Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki ilipangiwa kuwekeza asilimia 38.75 Uganda, 38.75 Tanzania, na Kenya 22.5 pekee. Wazo zuri, ila malalamiko hayakuisha.

Mwaka wa 1971 Amin akapindua serikali Uganda, na Nyerere akakataa kuketi naye meza moja. Na kumbuka wakubwa wa jumuiya walikuwa hao marais watatu. Wasipokutana, mambo yanakwama hapo. Nchi zikaanza kuvutana juu ya pesa za mashirika, na 1977 yote yakavunjika. Kenya ikaanzisha Kenya Airways. Tanzania ikafunga mpaka na sisi hadi 1983. Mali na madeni yalikuja kugawanywa kwa mkataba wa 1984. Kule Tanzania, wazee waliofanyia jumuiya kazi walikaa kortini miaka na miaka wakidai mafao yao. Marais waligombana, mzee wa reli ndiye akalala njaa.

Sasa angalia wageni wetu. Tuanze na uchumi. Ndani ya jumuiya, bidhaa yenye cheti cha asili inavuka bila ushuru wa forodha. Zinazotoka nje zinatozwa kwa viwango vya pamoja: 0, 10, 25, na tangu Julai 2022 kuna 35. Jifanye wewe ndiye waziri wa fedha wa Somalia. Serikali yako inategemea sana ushuru wa bandarini, halafu unaambiwa bidhaa za Kenya zipite bure, na viwango vya zingine mtapanga pamoja. Hiyo pesa utaitoa wapi?

Na mkulima wako? Mtu wa Kitui anaelewa hii haraka. Ndengu za Tanzania zikiingia bila ushuru, za Mwingi lazima zishindane nazo sokoni, mvua inyeshe isinyeshe. Kama sisi tulio na viwanda tunalia, nchi inayotoka vitani italia zaidi.

Sudan Kusini ni mfano. Serikali yake huishi kwa mafuta, na mchango wake kwa jumuiya umelimbikiza madeni ya mamilioni ya dola. Kuwa mwanachama pia hakukuleta usalama barabarani. Mwaka wa 2021 madereva waligoma kuvuka mpaka pale Elegu, Uganda, kwa sababu wenzao walikuwa wanauawa kwenye njia ya Juba. Malori ya njia hiyo ndiyo hupita Makindu na Kibwezi.

Upande wa sheria, Kongo ina kazi kubwa. Sheria zake zimetokana na za Wabelgiji, zetu zimetokana na za Waingereza. Tena iko SADC, iko COMESA, iko kwa jumuiya ya Afrika ya Kati. Huwezi kufuata ushuru wa pamoja wa vikundi viwili tofauti kwa bidhaa moja, lazima uchague. Na juu ya hayo inalaumiana na Rwanda kuhusu M23, na wote ni wanachama.

Inawezekana lakini. Rwanda pia ilitoka kwa mfumo wa Wabelgiji. Ikapewa hadi Julai 2009 kuanza kutumia ushuru wa pamoja, ikaandika sheria upya, na 2008 ikaamua shule zifundishe kwa Kiingereza. Ilikuwa kazi ya miaka.

Kuna kitu kimoja tunacho ambacho wazee wa 1977 hawakuwa nacho: Mahakama ya Afrika Mashariki, kule Arusha. Chini ya kifungu cha 30 cha mkataba, mkazi yeyote wa nchi mwanachama anaweza kushtaki serikali inayovunja mkataba, hata kama si serikali yake, mradi aende ndani ya miezi miwili. Shirika la kutetea wanyama kutoka Kenya liliishtaki Tanzania kuhusu barabara ya lami kukatiza Serengeti, na 2014 likashinda.

Ndio maana naona tunasherehekea kitu mbaya. Kila nchi ikiingia tunapiga hesabu ya watu: soko limefika milioni ngapi. Soko halikuokoa ile ya kwanza. Tunafaa kuuliza mapema kama mgeni amepewa muda na msaada wa kubadilisha sheria zake, kama mchango unalingana na uwezo wake, na kama uamuzi wa mahakama utaheshimiwa hata rais akikasirika. Tusipouliza, siku marais watakosana tena, bili italetewa dereva wa Mtito Andei na mkulima wa Mwingi. Na hao hawakualikwa kwenye ile picha.