Kisu cha Mtutu?
Huku Kinango, kisu kikisifiwa kuwa kilifuliwa kwa bunduki ya vita, kijaribu makali kwanza. Bunduki hazikukosekana: 1895 Waingereza waliivunja ngome ya Mbaruk bin Rashid kule Mwele, na Januari 1915 Wajerumani wakaitwaa tena Jasin, karibu na Vanga. Ila mtutu wa gobori ni chuma laini. Mhunzi auchome uwe mwekundu, auzamishe majini, bado haukazi; makali hujikunja yakigusa mfupa. Mbona basi ulihimili baruti? Kuhimili mshindo ni ushupavu, na makali yanataka ugumu. Ndiyo maana wahunzi hupenda springi ya lori, ambayo hukaza ikizimwa kwenye mafuta. Cha bunduki kinachofaa ni singe, na kitako, mti uliokwisha kukauka, kwa mpini.