Dakika 21

Alfajiri ya tarehe 3 Desemba 2023, tope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang viliporomokea mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walikufa. Tangu siku hiyo, mimi niliye hapa Babati najiuliza: waliyoyaona waokoaji katika tope lile yameandikwa na nani, na yanafundishwa wapi?

Swali hili lina historia. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza. Ndani walikuwamo watu hai, wakigonga chuma. Tumbo la meli likatobolewa ili watolewe; hewa ikatoka, meli ikazama nao. Nia ilikuwa njema kabisa. Lakini hewa ile ndiyo iliyokuwa imeibeba meli.

Hebu sasa twende mbali, Phoenix, Marekani. Tarehe 14 Machi 2001 duka kubwa la vyakula liliungua, na askari wa zimamoto Bret Tarver akapotea katika moshi, akafa. Wenzake hawakuishia kwenye rambirambi. Walichukua majengo matupu, wakamweka askari ndani kana kwamba amezidiwa, wakatuma wenzake wamtafute huku saa ikihesabu. Wakarudia tena na tena. Ikaonekana kwamba kumtoa mtu mmoja kulichukua wastani wa dakika 21 na kulihitaji askari 12, na katika kila waokoaji watano mmoja naye alipatwa na matatizo. Mtungi wa hewa ulidumu chini ya dakika 19! Nakiri hesabu hiyo ilinishtua. Sinema zimetuzoesha shujaa mmoja anayetoka motoni na mtoto begani.

Jeshi letu la Zimamoto na Uokoaji lina chuo chake Chogo, Handeni. Ningependa kila mwanafunzi wa pale akabidhiwe daftari la Katesh: nani alipatikana wapi, saa ngapi, chini ya tope la kina gani, na alifukuliwa kwa dakika ngapi. Na asiulizwe ofisa peke yake. Jirani aliyeshika jembe alikuwa pale kabla ya gari lolote kufika, naye anakumbuka sauti ilitokea upande gani. Kutoka hapa hadi kwake ni kiasi cha kilomita 75, barabara ya lami.